Sura ya Saba: Maiti Mwenye Masharubu

"Rudisha tena," alisema Zabriskie.

"Hii ni mara ya nne, bwana," alijibu Bi Hulda Kettner. "Maiti haamki hata ukimtazama mpaka Pasaka."

Hata hivyo aliukunja mkanda upya, akawasha taa ya mashine ya kuonyeshea filamu na kuanza kuuzungusha mkono wake kwa utaratibu uleule, kama mtu anayesaga kahawa ya wageni asiowapenda.

Garret Zabriskie alikuwa mpelelezi wa ofisi ya mwendesha mashtaka wa wilaya ya Bergen, na tangu Alhamisi hakuwa amelala usingizi wa maana. Magoti yalimuuma. Kiti alichopewa katika kile chumba cha giza cha Kampuni ya Filamu ya Ostrander kilikuwa kimetolewa kwenye mchezo fulani wa kasri la mfalme. Mbele kilikuwa kimepakwa rangi ya dhahabu, nyuma ni mbao tupu zenye misumari. Ilikuwa Jumamosi, saa nne asubuhi. Jumatatu jopo la mashtaka, raia wa kuamua nani ashitakiwe, lingekaa Hackensack, na mezani pangekuwa na jalada moja tu la kifo: la Carmelo Indovina, fundi seremala wa kampuni hiyo, anayedaiwa kukichoma kwa makusudi chumba cha kukatia filamu siku ya Alhamisi saa tano asubuhi. Ndani ya moto huo alikufa Lottie Haverkamp, msichana wa miaka ishirini na mmoja, kazi yake kuunganisha vipande vya filamu. Kama jopo lingekubali, Indovina angeelekea Trenton, kwenye kiti cha umeme.

Ushahidi haukuwa mwingi, lakini ulikuwa wa aina inayopendwa na majopo. Jumatano, mbele ya watu arobaini, Indovina alimpigia kelele Bwana Ostrander mwenye kampuni: "Chumba hiki kitawaka, na wewe humohumo!" Mwenyewe alidai kwamba alikuwa anaonya. Jiko la makaa lilikuwa hatua nne kutoka kwenye filamu, na filamu hushika moto upesi kuliko mafuta ya taa. Tena mlango ulifungukia ndani. Miezi mitatu alikuwa akisema, na miezi mitatu walikuwa wakimcheka. Watu arobaini wote waliandikisha kuwa walisikia kitisho. Na siku iliyofuata, Alhamisi, hakuna aliyemwona kwenye karakana yake asubuhi nzima.

Utetezi wake alikataa kuutoa kwa siku nzima, kwa aibu. Mwishowe akautamka huku akitazama sakafu. Alhamisi asubuhi alikuwa kwenye majabali juu ya mto Hudson, maili nne kutoka studio, amevaa gauni la kike na kofia ya utepe, amelazwa kifudifudi mbele ya kamera. Alikuwa maiti.

Jambo lenyewe halikukanushwa. Mwongozaji, Bwana Pruyn, alikiri kuwa yule maiti ni Indovina kweli. Ila haikuwa Alhamisi, alisema, ilikuwa Jumanne. Stahl, mpiga picha, naye akasema Jumanne. Mwigizaji mkuu, Jumanne. Aliyeendesha gari, Jumanne. Hata mzee wa kusafisha filamu, ambaye chumba chake kilikuwa ng'ambo ya ua na kiliponea, aliapa kuwa mkanda wa maiti huyo ulimfikia Jumanne jioni na ndiyo maana haukuungua. Zabriskie alikuwa na miaka thelathini na mmoja katika kazi hii. Watu watano wakikumbuka jambo kwa maneno yaleyale, ama wanasema kweli tupu ama wamekaa kikao.

Ukutani mwanga ulitikisika. Yakaonekana majabali, na mti mmoja mkavu uliopigiliwa kobe wa shaba, nembo ya kampuni, ili wezi wa picha wasije wakaiuza kama yao. Kilikuwa kisa cha wachunga ng'ombe wa Magharibi, na hakuna aliyeshangaa kobe wa shaba anatafuta nini huko. Chini ya mti alilala mwanamke mwenye gauni jeupe, uso ameufukia kwenye mkono. Kijana mwenye kofia kubwa alikuja mbio, akapiga magoti, akalia, akaunyanyua mkono wa marehemu na kuuweka kifuani pake. Mkono ulikuwa mnene wa kushika nyundo, na kidole cha pete kiliishia katikati.

"Tazama anavyoukumbatia," alisema Bi Hulda. "Mkono huo umekatwa na msumeno, bwana, na yeye anaulilia kama wa binti mfalme. Lottie alikuwa akicheka picha kama hizi hadi anashika mbavu."

Aproni ya Lottie ilikuwa bado inaning'inia mlangoni, na kwa siku mbili hakuna mwanamke hata mmoja aliyethubutu kuitoa.

"Simamisha. Hapana, usisimamishe," alisema Zabriskie, maana filamu ikisimama mbele ya taa huungua. "Hayo ni nini? Hayo matawi meupe pembeni."

Alikuwa ameyaona tangu mara ya kwanza na kudhani ni macho yake. Kila baada ya muda, ukingoni mwa picha, kulipita vijitawi vyeupe, vyembamba, vikitokea na kupotea.

"Mimi nakata na kuunganisha tu," alisema Bi Hulda. "Aliyekuwa kwenye kamera ni August Stahl, muulize mwenyewe." Alizungusha kidogo, kisha akaongeza bila kugeuka: "Ila muulize kwa akili. Stahl ukimsema mkewe anakuchekea. Ukizisema picha zake anapandwa na mori."

"Wewe unataka nini katika jambo hili, mama?"

"Nataka niambiwe aliyemuua yule mtoto. Kama ni Carmelo, mchukueni. Kama si yeye, mimi sitaki kufarijiwa kwa mtu wa kuokoteza." Akazidi kuuzungusha mkono wa mashine. "Nimechoka kuliko wewe, bwana, kwa hiyo usinitazame hivyo."

Zabriskie alimshukuru, akajikokota kutoka nje.

Chini ya paa la vioo la ukumbi wa kupigia picha kulikuwa na sebule ya tajiri, kuta zake za turubai, na ubavuni mwake jela ya makaratasi. Jua la Februari halikutosha, hivyo taa ndefu za zebaki zilikuwa zinawaka, na kila aliyepita chini yake alikuwa na midomo ya buluu kama aliyetolewa mtoni. August Stahl alikuwa amekaa juu ya sanduku, mkate wa soseji ya maini mkono mmoja, kitambaa cha kufutia lenzi mkono wa pili.

"Mzee, umerudi," alisema. "Jibu ni lilelile, Jumanne. Niandikie kwenye karatasi niwe nakuonyesha tu."

"Sikuja kwa hilo. Nimetoka kuona kazi yako." Zabriskie alijiinamisha polepole, akaketi kwenye kitanda cha jela. "Pole sana."

"Pole ya nini?"

"Hiyo mikwaruzo. Mimi si mtu wa sinema, lakini Bwana Pruyn anasema siku hizi kamera huifuti. Mkanda wote umechubuka."

Pruyn hakuwa amesema neno kama hilo. Stahl aliuweka mkate chini.

"Pruyn kasema hivyo?"

"Anasema umri."

"Umri!" Stahl alisimama, akafungua kopo, akachomoa kipande cha filamu na kumsukumia mzee usoni kuelekea mwanga. "Njoo hapa. Tazama! Mkwaruzo unaenda moja kwa moja, juu mpaka chini, kama mfereji. Huu una nini? Una matawi. Wewe ulishaona wapi mkwaruzo wenye matawi? Huu ni umeme, mzee! Filamu inasuguana na vyuma ndani ya kamera, na hewa ikiwa kavu, ile baridi ya kukata masikio, inatoa cheche. Kila cheche inajipiga picha yenyewe. Niliipasha kamera joto kwa chupa ya maji moto, nikaifunga blanketi langu mwenyewe, nikazungusha taratibu hadi mabega yakafa ganzi. Angekuwa mtu mwingine, mkanda mzima ungekuwa msitu! Na Pruyn, ambaye hajui kufungua hata mwavuli, anasema sifuti kamera!"

"Kumbe ni hewa," alisema Zabriskie.

"Ni hewa!"

"Na kukiwa na unyevunyevu?"

"Ukiwepo unyevu hupati hata cheche moja. Kila mpiga picha anajua."

Zabriskie alitoa daftari, akalifunua bila haraka. "Jumanne nilikwenda Coytesville, karibu na hayo majabali yenu, kwa miguu, kwa kesi ya mbwa. Barafu ilikuwa inayeyuka, mapaa yanatiririka, ukungu mpaka mchana. Matope yalinivua kiatu cha kushoto, nimekiandika hapa. Alhamisi bomba la nyumbani kwangu liliganda na kupasuka, na mke wangu bado hajanisamehe, utadhani niliipuliza baridi mimi. Sasa niambie, bwana Stahl. Hiyo baridi kavu ya Jumanne uliipatia wapi?"

Stahl alibaki na kipande cha filamu mkononi. Akakitazama, akamtazama mzee, akaketi tena juu ya sanduku.

"Umenitega."

"Nimekutega, ndiyo. Nimechoka mno kufanya kwa njia nyingine."

Ndani ya sebule ya turubai mtu mmoja alikuwa anagombana na pazia.

"Tulitumia kamera ya Kifaransa," alisema Stahl kwa sauti ya chini. "Unajua hali ilivyo. Wale wenye haki za kamera hawataki mtu apige picha isipokuwa kwa mashine zao. Wana majasusi, wanapanda majabali na darubini. Ile ya kawaida iliharibika Jumatano, tukatoa ya Kifaransa, tukaificha ndani ya blanketi. Mahakama ikijua ilitumika Alhamisi, inatoa zuio, na Ostrander anafunga milango. Akatuita wote ofisini. Akasema, Jumanne. Watu mia mbili wanakula hapa, mzee."

"Na Carmelo?"

"Ostrander alisema mambo yatajiweka sawa yenyewe. Alisema hakuna jopo litakalomshitaki mtu kwa kelele tu."

"Jopo litamshitaki kabla ya chakula cha mchana," alisema Zabriskie. "Nawajua. Mmoja wao ni kinyozi wangu."

Stahl aliusugua uso. Kisha akasema aandike tu, atatia sahihi. Kwamba siku mbili hizi mkate wenyewe haumshuki vizuri. Zabriskie aliandika kwa penseli, maneno machache yaliyo wazi: Alhamisi, kuanzia saa nne hadi saa sita, Carmelo Indovina alikuwa majabalini mbele ya kamera. Stahl akatia sahihi kwa hasira, akatoboa karatasi.

Ilibaki kumuaga na kuondoka. Lakini Zabriskie alikuwa na tabia moja iliyomwondolea marafiki wengi: alipenda kila jambo liwe na sababu yake.

"Kwa nini seremala? Hamna wasichana hapa?"

"Tunaye. Agata, binti yake Carmelo huyohuyo. Kila tukitaka msichana wa kufa tunamuua yeye, maana anaweza kubana pumzi. Siku hiyo alipaswa kuondoka nasi saa tatu. Gari likangoja wee, gauni lipo, mwenye gauni hayupo. Carmelo alikuwa nasi kwa ajili ya kumpigilia kobe. Mtu mfupi, gauni likamtosha. Alikataa katakata. Pruyn akamwambia, vaa, la sivyo binti yako asikanyage tena hapa. Akavaa. Tukamwambia masharubu ayafukie." Stahl alitaka kucheka, akashindwa.

"Agata alikuwa wapi?"

"Kwa Lottie, wapi kwingine? Kila asubuhi wanajifungia mle. Wana taa yao ndogo ya spiriti, wanapashia chuma cha kukunjia nywele. Bi Hulda hajui. Wanaogopa Pruyn, nywele zikiwa hazina mawimbi anawaweka nyuma ya..."

Taa za zebaki zilivuma juu yao.

"Taa ya spiriti," alisema Zabriskie. "Ndani ya chumba cha filamu."

"Ni wasichana, mzee," alisema Stahl. "Wasichana tu."

Zabriskie aliliandika jina la Agata chini ya ukurasa, akatamani angekuwa ameondoka dakika tano nyuma. Kisha alipanda tramu ya Hackensack.

Jela mpya ya wilaya ilinuka chokaa. Carmelo Indovina alikuwa ukingoni mwa kitanda, mtu mdogo mwenye masharubu makubwa, anautazama mlango wa chumba chake kwa dharau.

"Bawaba za juu zimekaa vibaya," alisema. "Mwaka mmoja, mlango huu utakuwa unaburuza. Nani kaufunga?"

"Sijui, fundi. Nina habari." Zabriskie aliketi kando yake na kumpa ile ya kwanza, kwa kuwa ilikuwa nzuri na alikuwa na deni la kumpa. Akamsomea maelezo ya Stahl, neno kwa neno.

Carmelo alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaishika karatasi kwa mikono miwili, akaibusu, akaanza kucheka huku machozi yakiingia kwenye masharubu. "Nilisema! Nilisema gauni! Mnadhani mwanamume anaweza kujitungia uongo wa gauni? Santa Lucia! Nakwenda nyumbani lini?"

"Jumatatu, jopo likishaisoma. Unatakiwa kuthibitisha tu na kutia sahihi hapa, chini."

Akapokea kalamu. Zabriskie angeweza kunyamaza hapo. Alijua hivyo, na miaka mingi baadaye alikuwa bado anajiambia kwamba alijua.

"Agata amekuja kukuona?"

"Aje vipi, na mkono ule? Mama yake alikuja jana. Anasema umefungwa bandeji mpaka kwenye kiwiko, mtoto analia usiku kucha. Pasi! Mara ngapi nimemwambia, Agata, pasi ile ni nzito, usi..."

"Aliungua lini?"

"Al..." alisema Carmelo, na neno likaishia hapo.

Fundi aliutazama mkono wake mwenyewe, akakiweka kidole chake kifupi juu ya kifundo, akakipandisha polepole mpaka kwenye kiwiko, akipima. Alikuwa mtu wa vipimo. Zabriskie alimwona akifika mwisho wa hesabu.

"Nikiwa majabalini," alisema Carmelo, "wewe utaulizwa nani alikuwa chumbani."

"Nitaulizwa."

"Na utakwenda nyumbani kwangu."

"Lazima niende, fundi. Sikiliza. Ilikuwa ajali. Taa ya spiriti, mambo ya nywele. Ajali haimpeleki mtu kwenye kiti."

"Nani ataamini ajali? Walewale arobaini?" Carmelo alisema kwa upole, kama anamweleza mtu asiyejua mbao. "Mimi niliwaambia kwa Kiingereza, miezi mitatu. Jiko, filamu, mlango. Niliwachorea kwa chaki. Nani alinielewa? Na huyu ni msichana wa Kitaliano, ametoka nje mzima, mwenzake mwenye nywele za dhahabu amebaki ndani. Amekimbia, bwana. Hakupiga hata kelele. Unajua watakavyosema."

Zabriskie alijua. Angeweza kuyaandika magazeti ya Jumanne mwenyewe.

"Tia sahihi," alisema. "Tutatafuta wakili."

Carmelo aliirudisha kalamu na ile karatasi, akazipanga vizuri juu ya goti la mpelelezi. Alisimama, akaenda kwenye nondo, akazishika kwa mikono yake miwili minene.

"Carmelo, usifanye hivyo."

"Mimi ndiye!" Sauti ilikuwa kubwa kuliko mwili wake, na ilizunguka ukumbi mzima wa jela mpya. "Mnanisikia? Indovina, seremala! Chumba nilikichoma mimi! Peke yangu! Hapakuwa na mtu mwingine!"

Wafungwa wa vyumba vya jirani walisogea kwenye nondo zao. Zabriskie alijaribu kusimama, goti likamkatalia. Alipofanikiwa kuinuka, askari wa zamu alikuwa tayari amefika mlangoni, anahema, amekwisha kutoa daftari mfukoni na kuilamba penseli yake.

"Ngoja, ngoja," alisema askari. "Rudia hapo, fundi. Polepole, niandike."